Tarumbeta Mbele ya Viti Vitupu

Kwanza tuelewane. Mimi sijazeeka. Watu wa rika langu bado wanalima heka nzima kwa mkono, na mmoja ameoa juzi. Kilichostaafu ni meno. Nilianguka na pikipiki mteremko wa Bagara, meno mawili ya mbele yakabaki barabarani, na mpiga tarumbeta hana kazi tena bila meno ya mbele. Nilitengenezewa ya bandia. Nikipuliza, yanataka kutoka kabla ya sauti. Basi nikasema kazi niwaachie nyinyi.

Nyinyi vijana wa bendi mna bahati na hamjui. Mna suti nyekundu za kufanana, mna mafuta ya tarumbeta kwenye chupa maalumu, mna simu inayowaonyesha mtu wa mbali akipiga polepole mpaka kila kidole kinaonekana. Mimi niliishia darasa la nne. Nilitoka shule najua kusoma, kuandika kidogo na kuhesabu magunia. Nota siwezi kuzisoma mpaka leo, na sioni haya kusema. Nendeni mkaulize kuanzia Nangara mpaka kule ziwani nani alikuwa akipuliza bibi harusi analia kabla hajafika mlangoni. Hawatawatajia mtu wa nota.

Nawaandikia kwa sababu ya Jumamosi iliyopita. Kijana wetu mmoja, jina lake nalificha kwa kuwa mama yake atasoma hapa, alitakiwa apige peke yake maharusi wakiingia ukumbini. Mazoezini alikuwa moto wa kuotea mbali. Siku yenyewe zikatoka sauti tatu, ya nne ikawa upepo. Akasimama akakitazama kibonyezo, kama vile kibonyezo ndicho kimekosea. Wenzake mkacheka. Mimi sikucheka, kwa sababu nilijiona pale.

Aibu yangu mimi ilikuwa kubwa kuliko hiyo. Ilikuwa kabla Manyara haijawa mkoa, tupo bado chini ya Arusha, na ni miaka ile ambayo dukani unamkuta mwenye duka na rafu zake, basi. Sabuni kwa foleni, sukari kwa foleni, unga ule wa njano kwa foleni. Mtu akiona watu wamepanga mstari anaingia kwanza, halafu ndiyo anauliza kinauzwa nini. Mimi nilikuwa kijana wa miaka ishirini, kifua kipana, nabeba magunia kwenye mashine ya kusaga. Mashine ikikosa dizeli, nami nakosa kazi, na ilikosa dizeli mara nyingi kuliko ilivyopata.

Siku moja nilikwenda kutiliwa kiraka cha suruali kwa Mwalimu Eliasi. Huyu alikuwa fundi cherehani karibu na soko, mtu wa Kilimanjaro aliyehamia kwetu, na ndiye aliyekuwa akiongoza bendi ya tarumbeta ya usharika wa kanisa letu. Watu walimwita Mwalimu kwa ajili ya bendi. Darasani hakuwahi kufundisha. Akanitazama wakati natoa suruali kwenye mfuko.

"Kifua hicho unakitumia kubebea magunia tu?"

"Na kulalia, Mwalimu."

Hakucheka. Akainuka, akaniletea tarumbeta, akasema, "Puliza kama unatema punje ya mchele kwenye ulimi." Nikapuliza. Ng'ombe aliyekuwa amefungwa ng'ambo ya barabara akageuza kichwa. Mwalimu akasema, "Njoo Jumatano."

Nilijifunza kwa sikio, na nilijifunza haraka. Hilo hata adui zangu wanakubali. Ndani ya miezi michache nikawa napiga nyimbo zote za bendi. Basi ikaja harusi, Mwalimu akanipa kipande cha kupiga peke yangu. Nikasimama mbele. Nikaona macho. Vijana, sikuwa nimejua kwamba watu wana macho mengi hivyo. Mate yalikauka, midomo ikawa kama ngozi ya ngoma. Nikapuliza, ikatoka sauti ya mbuzi. Bibi harusi akasimama katikati ya njia, hajui aje au arudi. Na mzee mmoja kule nyuma, kwa utaratibu kabisa, akasema, "Mwacheni anyonye kwanza."

Ukumbi mzima uliangua kicheko. Kwa wiki mbili sikupita sokoni bila kusikia "meee" kutoka kwenye vibanda.

Mwalimu Eliasi hakunigombeza. Alikuwa anashona, akaniambia bila kuinua macho, "Tarumbeta unaijua. Watu ndio huwajui."

Halafu akanipa habari iliyonikosesha usingizi. Bendi ilikuwa na tarumbeta mbili tu. Moja ilikuwa imekwama kibonyezo cha kati, na miaka ile kipuri utakipata wapi. Kwa hiyo nzima ilikuwa moja, nami nilikuwa napokezana nayo wiki kwa wiki na kijana mwenzangu aliyeitwa Sifaeli. Huyu alikuwa na kidato cha nne, anasoma nota kama gazeti, na baba yake alikuwa mmoja wa wazee wa kanisa. Mwalimu akasema wazee wamechoka na kupokezana. Wiki moja kabla ya Pasaka watatusikiliza wote wawili, nyimbo tatu kila mtu: wa harusi, wa Pasaka, na wa maziko. Atakayechaguliwa ndiye atakayepiga Pasaka alfajiri, na tarumbeta nzima itakuwa mikononi mwake moja kwa moja.

"Na atakayeshindwa?"

"Atabeba ngoma kubwa, akitaka."

Mimi kubeba nilikuwa nabeba tayari. Tarumbeta ilikuwa kitu pekee maishani mwangu ambacho nilikishika bila kuinama. Nikiipoteza, nilijua ningekuwa mtu wa magunia mpaka kifo.

Sasa sikilizeni, hapa ndipo penye elimu. Pale kibandani Mwalimu alikuwa na mti uliochongwa umbo la mtu, kifua na mabega, anauvalisha makoti anayoshona. Nikamuuliza kwa nini anajisumbua kuvalisha mti na wenye makoti wapo.

Akasema, "Ili mwenye koti akija, likute limeshavaliwa."

Nilitembea na neno hilo mpaka Nangara. Nikawaza, bibi harusi yule alikuwa mtu wa kwanza kuuvaa wimbo wangu, na mishono ikaachia. Kumbe wimbo nao unatakiwa uvaliwe kwanza na mti.

Huko nilikuwa nimepanga chumba cha mbele kwa mama mjane, Mama Naomi, dirisha likitazama njia. Nikaanza kufanya matamasha mle ndani, kila wiki ambayo tarumbeta ilikuwa zamu yangu. Nasema matamasha, sisemi mazoezi. Mazoezi nilifanya asubuhi: kurudia, kukosea, kurudia. Jioni, kama saa kumi na moja, ilikuwa tamasha, na tamasha lina watu. Viti nilikuwa navyo viwili, nikavipanga. Debe la mafuta ya taa, ambalo halikuwa na mafuta tangu mwaka uliotangulia, nikalifanya mchungaji, nikaliweka mbele katikati. Kinu cha Mama Naomi nikakifanya baba yake Sifaeli, kwa sababu vyote viwili havicheki. Ndoo na kapu wakawa akina mama wa kwaya.

Nikajiwekea masharti. Kwanza, unaoga. Sabuni hamna, unasugua kwa majani ya mpapai, lakini unaoga. Unavaa koti, Mwalimu aliniazima moja ambalo mteja wake alikufa kabla ya kulichukua, mkono mmoja umeshikizwa kwa uzi mweupe tu. Unatoka nje, unafunga mlango, unapiga hodi, unaingia, unawainamia watu, unajitaja jina na kuutaja wimbo. Msifanye kwa mzaha. Ukimwinamia debe kwa mzaha, siku ya watu utainama kwa mzaha.

Pili, hakuna kurudia. Ukikosea katikati, unaendelea kama vile ndivyo ulivyopanga, na hutazami kibonyezo. Mkikumbuka moja tu katika maneno yangu yote, likumbukeni hili. Mtu hupimwa kwa sauti inayofuata ile aliyoikosa.

Tatu, lazima woga uwepo. Hapo ndipo wengi wanashindwa. Nyumbani huna woga, kwa hiyo unajifunza kupiga bila woga, halafu unapeleka wimbo mahali penye woga, mahali usipopajua. Nikatafuta dawa. Kabla ya kuingia nilikuwa nazunguka nyumba mbio mara tatu, ili moyo udunde kama wa siku ya harusi. Halafu naramba kijiko cha unga mkavu, ili mate yakauke. Hapo ndipo napiga hodi. Mwanzoni ilitoka mbuzi tena. Baada ya wiki, nikajua jinsi ya kukaza pembe za mdomo na kusubiri mate yarudi taratibu chini ya ulimi. Hakuna kitabu kilichonifundisha hilo. Nilijifundisha mwenyewe, na baadaye nikakutana na mtu aliyesomea muziki akaniambia kwao wanalipia kufundishwa.

Mama Naomi ndiye aliyekuwa wa kwanza kunisikiliza akiwa na masikio. Alikuwa mwembamba, mkali, ulimi wake ungeweza kumenya viazi.

"Kijana, humo ndani unamwinamia nani?"

"Mchungaji, Mama."

"Mchungaji ameingia nyumbani kwangu sijamwona?"

"Ni debe, Mama."

Akachungulia ndani. Halafu akasema, "Na unga wa foleni unauramba mkavu. Nimesimama toka asubuhi miguu imevimba, wewe unaukausha mdomoni."

"Ni kijiko kimoja tu, Mama. Ni dawa ya woga."

"Woga dawa yake ni aibu. Ile uliyoipata haijakutosha?"

Lakini kesho yake nilipomaliza nikasikia sauti yake nje ya dirisha, anachambua mboga. "Leo pale kati umeteleza. Viboko wa ziwani wamejibu." Kutoka hapo ikawa kawaida. Kila tamasha likiisha, natoka nje, namwamkia shikamoo kama mgeni rasmi, ananipa hukumu. Hakunisifu hata siku moja. Siku ambayo hakusema kitu nilijua nimepiga vizuri.

Na mjue, majirani nao walianza kusogea. Redio za mtaa mzima zilikuwa zimekufa kwa kukosa betri. Watu waliweka betri juu ya mawe zipigwe jua, zinapata nguvu ya nusu wimbo, zinakufa tena. Kwa hiyo jioni tarumbeta ikilia kwa Mama Naomi, mtu anakuja na kigoda chake anakaa ukutani kana kwamba anapumzika tu. Mimi ndani sikujua, mpaka siku nilipomsikia mtu anakohoa. Kikohozi kile kilinikata pumzi. Sikurudia, masharti ni masharti, nikaendelea mpaka mwisho. Nilipotoka sikumkuta mtu. Mama Naomi alikuwa amewafukuza.

"Nimewaambia wakija waje na vifua vizima," akasema.

Kabla sijafika kwenye kosa langu kubwa, niwaambie habari ya mafuta, kwa sababu nyinyi mnamwaga. Sisi tulipaka vibonyezo mafuta ya cherehani ya Mwalimu Eliasi, tone moja kila kibonyezo, kwa ncha ya unyoya wa kuku. Mimi niliwahi kujifanya mjanja nikapaka samli. Siku ya kwanza vilikimbia kama panya. Siku ya pili, baridi ya asubuhi, samli ikaganda, vibonyezo vikashuka visipande. Ilibidi niichemshe tarumbeta ya kanisa kwenye sufuria kama muhogo, na Mama Naomi amesimama mlangoni anauliza itaiva saa ngapi.

Sasa kosa. Wimbo wa harusi nilikuwa nao. Wa Pasaka nilikuwa nao. Wa maziko nilikuwa naupiga sawa lakini haukuwa na uzito. Nikamwambia Mwalimu. Akasema, "Unaupiga bila marehemu. Wimbo ule unataka mtu wa kusindikizwa." Akarudi kwenye cherehani yake.

Siku zile kwetu kulikuwa na desturi. Msiba ukitokea kwa msharika, jioni ileile tarumbeta ilikwenda nyumbani kwa marehemu kupiga wimbo wa maziko mara moja, majirani wajue. Bendi iliujifunzia kanisani tu. Haupigwi nyumbani kwa mtu kwa kujaribu. Kila mtu alilijua hilo, nami nililijua. Lakini nilikuwa nimebakiwa na siku kumi, na kichwa changu kilikuwa na Sifaeli tu.

Mama Naomi alikuwa amesafiri kwenda Magugu kwa binti yake aliyejifungua. Wiki ya pili hajarudi, usafiri wa shida, watu wanasubiri lori barabarani siku mbili. Nikawaza: marehemu nimpate wapi? Kusema kweli nilikuwa nimemkumbuka yule mama. Nyumba ilikuwa baridi bila ulimi wake. Nikasema, nitamsindikiza yeye. Nikaburuta sanduku langu refu la nguo mpaka katikati ya chumba. Nikalifunika kwa shuka yake nyeupe iliyokuwa kwenye kamba, juu yake nikatandika kanga yake, ile ya kijani aliyokuwa akienda nayo ibada. Nikawasha kipande cha mshumaa. Debe nikalisogeza kichwani. Nikazunguka nyumba mbio, nikaramba unga, nikapiga hodi, nikaingia. Nikasema kwa sauti nzito, "Tunamsindikiza mama yetu wa nyumba hii. Alikuwa mkali, lakini hakumnyima mtu."

Nikapiga.

Niwaambie ukweli, sijawahi kupiga hivyo. Nilipofika ubeti wa pili machozi yalikuwa yananitoka, nimeshaamini mwenyewe. Na kwa kuwa nilikuwa nimefumba macho, sikumwona jirani wa mkono wa kushoto aliyechungulia dirishani. Yeye aliona sanduku refu, shuka nyeupe, kanga ya Mama Naomi, mshumaa, na mpiga tarumbeta wa kanisa analia.

Nilichosikia ni ukunga wake. Nikadhani nyoka. Nikaendelea, hakuna kurudia wala kukatiza. Nilipomaliza na kufumbua macho, uwanja ulikuwa umejaa. Akina mama wamefunga kanga viunoni, wanaume wamekuja na kuni mabegani. Mtu ameleta unga, mwingine maharage. Na mama mmoja ameleta robo kilo ya sukari, sukari ambayo mtaa mzima tulikuwa hatujui kama anayo. Wote wanalia. Wakatoliki, Walutheri, wote. Msiba hauna dhehebu.

Mzee mmoja akanishika bega. "Pole, kijana. Amefia Magugu au njiani?"

Nikafungua mdomo. Ningekuwa mwongo stadi ningesema kitu. Nikasema, "Hajafa, mzee. Nilikuwa najifunza."

Halafu mzee akaenda kwenye sanduku, akainua shuka, akafungua kifuniko, akaona suruali zangu mbili. Akakifunga taratibu kama mtu anayefunga Biblia.

"Nimeacha ng'ombe hawajakamuliwa," akasema.

Maneno yaliyofuata siyaandiki. Mwenye sukari alikuwa mkali kuliko wote, maana siri yake ilikuwa imetoka. Wengine walitaka kunipeleka kwa balozi wa nyumba kumi usiku huohuo. Lakini yule mzee aliyeacha ng'ombe akakaa kwenye mojawapo ya viti vyangu, akasema, "Sisi tumetembea. Machozi tumeyatoa. Kijana huyu hawezi kutuacha hivihivi turudi nayo majumbani. Tupigie ya harusi."

Nikainua tarumbeta. Nikaona macho, mengi kuliko ya ile siku ya mbuzi, na yote yamekasirika. Moyo ulidunda, mdomo ukakauka. Ndipo nikagundua jambo: nilikuwa pale kila jioni. Mdomo huu mkavu ninaujua, moyo huu unaodunda ninaujua. Nikakaza pembe za mdomo, nikasubiri mate, nikapuliza.

Kwanza walinikazia macho. Ubeti wa pili, mguu wa mzee ukaanza kugonga chini. Wa tatu, yule jirani aliyepiga ukunga akapiga kigelegele, nadhani koo lilikuwa tayari. Kabla hatujajua, kuni zimewekwa chini, akina mama wanacheza na kanga zilezile za msiba, vumbi linapanda. Na katikati ya ngoma hiyo, Mama Naomi akaingia uwanjani, furushi kichwani, macho mekundu. Nikadhani ni vumbi la lori.

Akasimama. Ngoma ikafa.

"Kuna nini kwangu?"

Watu wakasukumana kwa viwiko. Mwisho mzee akasema, "Msiba."

"Nani amekufa?"

"Wewe."

Aliweka furushi chini. Akawatazama mmoja mmoja, taratibu, kama anayehesabu. Aliona kuni, aliona maharage, aliona sukari. "Na mliokuwa mnacheza, ni kwa furaha hiyo?" Watu wakatazama miguu yao. Mwenye sukari akanyoosha mkono kuchukua karatasi yake. Mama Naomi akamwahi. "Kilicholetwa msibani hakirudi. Bandikeni maji." Tukanywa chai ya sukari, watu wote wale, kila mtu nusu kikombe. Miaka ile hiyo ilikuwa sherehe kubwa kuliko harusi. Lakini mimi Mama Naomi hakuniambia neno hata moja. Akachukua kanga yake ya kijani, akaikung'uta, akaingia ndani.

Habari zilifika kwa wazee wa kanisa kabla sijaamka. Baba yake Sifaeli ndiye aliyezipeleka, na kwa haki, hakuongeza chumvi, haikuhitaji. Chombo cha kanisa kimetumika kumzika mtu aliye hai. Nikaambiwa nije siku ileile ya kusikilizwa, na Mama Naomi naye ataitwa aeleze shitaka lake. Siku zote zile hakunisemesha. Nilifanya matamasha yangu, natoka nje kuamkia, naitikiwa marahaba, basi. Mboga anachambulia jikoni.

Siku ikafika. Wazee watano wamekaa kwenye chumba cha ofisi, Mwalimu Eliasi pembeni, bado ana uzi begani. Sifaeli akatangulia. Akasimamisha karatasi zake, akapiga zote tatu bila kosa. Nasema ukweli, bila kosa hata moja. Baba yake akaitikia kwa kichwa, akasema, "Hiyo ndiyo tarumbeta."

Nikatoka nje. Nikafunga mlango. Nikapiga hodi. Mzee mwenyekiti akasema karibu kwa kushangaa, maana alikuwa ameniona sekunde hiyo natoka. Nikaingia, nikainama, nikajitaja, nikautaja wimbo wa harusi. Nikapiga. Katikati nikateleza, kidole kilichelewa, nikaendelea, na wazee wawili hawakujua. Nikapiga wa Pasaka, vioo vya dirisha vikatetemeka. Nikafungua mdomo kutaja wa tatu.

Baba yake Sifaeli akainua mkono. "Huo asipige. Huo ameshaupiga, na aliyepigiwa amekaa hapo."

Mwenyekiti akamgeukia Mama Naomi. "Mama, tuambie. Unamshitaki kwa lipi?"

Akasimama. Alikuwa amevaa kanga ya kijani.

"Lori lilinishusha barabara kuu," akasema. "Nikaanza kupanda na furushi langu. Nikasikia tarumbeta ya maziko. Nikasema, huyo ni kijana wangu, lakini leo hapigi kama siku zote. Nikajua amefiwa na mtu mwema sana. Sikujua ni nani. Nikatua furushi, nikakaa juu ya jiwe, nikamlilia huyo mtu mpaka wimbo ukaisha. Mume wangu mlimzika na bendi nzima, nyinyi mlikuwepo. Sikulia vile." Akaikaza kanga. "Nilipofika nyumbani nikaambiwa ni mimi. Sasa wazee wangu, kama mtu anaweza kuniliza kwenye msiba wangu mwenyewe, mimi nimshitaki nini? Siku nikifa kweli, huyo mwenye karatasi asije."

Mwalimu Eliasi aliinamisha kichwa, mabega yanacheza. Mwenyekiti alitoa leso, sijui alikuwa anacheka au anafuta nini. Wakabaki wote wanamtazama baba yake Sifaeli, maana kusema kwake ndiko kulikokuwa kumebaki. Akakikaza kile kinywa chake cha kinu. Halafu akamgeukia mwanawe.

"Sifaeli, uliwahi kumliza mtu?"

"Hapana, Baba."

"Mwachie mwenzako."

Sifaeli akasogea, akanipa mkono, akashika ngoma kubwa siku hiyohiyo. Alikuja kuwa mpiga ngoma bora kuliko wote niliowahi kufanya nao kazi, miaka mingi.

Mimi nilitoka na tarumbeta mikononi, sikuifunika kwa kitambaa. Njia ya kwenda Nangara ni fupi ukipitia nyuma. Nikapita sokoni, katikati kabisa, mbele ya vibanda vyote, polepole, ili kila mtu aione.